Majengo ya Kivietinamu kwa reli ya mfano ya 1:87: ya kununua, ya kujenga mwenyewe, na vipimo vyake

Mkuu, umeuliza mambo mawili: majengo ya Kivietinamu ya 1:87 yanauzwa wapi, na kama hayauzwi, mtu ayajengeje kwa plastiki na kadibodi. La kwanza halina maneno mengi. Usijichoshe kuitafuta Hanoi kwenye katalogi za watengenezaji wa majengo ya mfano kama Faller, Vollmer, Kibri au Walthers. Humo umejaa mji wa Ujerumani na mji wa Marekani. Lakini usikate tamaa, kwa sababu nyumba ya mjini Vietnam, ukiivua kila kitu, ni boksi jembamba lililosimama. Kinachoifanya ionekane ya Vietnam ni uwiano wa hilo boksi, na vikorokoro vilivyojazana usoni pake na juu ya paa. Kwa hiyo boksi jenga mwenyewe, hela yako iende kwenye vikorokoro.

Kabla ya kukata chochote, hakikisha skeli na upana wa reli vinakubaliana. Reli kuu ya Vietnam, ile ya Hanoi hadi Saigon yenye kilomita 1,726 iliyokamilika mwaka 1936, ina upana wa mita moja kati ya reli na reli, sawa na reli ya zamani ya Tanzania na Kenya. Kwa 1:87, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 87, hiyo ni njia ya mm 12 (madukani huitwa HOm). Kwa 1:120, njia ya mm 9 inakupa mm 1,080 halisi, inatosha. Kwa 1:150 au 1:160, njia ya mm 6.5 ndiyo iliyo karibu na ukweli. Kama tayari una njia na mabehewa ya mm 16.5, ambayo kwa 1:87 ni reli pana ya mm 1,435, usiyatupe: njia ya kutoka Gia Lâm, ng'ambo ya mto kutoka katikati ya Hanoi, kwenda Đồng Đăng kwenye mpaka wa China ina reli tatu, yaani mita moja na mm 1,435 juu ya mataruma yaleyale. Weka mandhari yako huko na hakuna atakayekubishia.

Jambo la pili ni zama. Zile nyumba nyembamba za ghorofa nne au tano zenye rangi za peremende zilianza kuota baada ya mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986, na nyingi ni za miaka ya 1990 kuja huku. Ukiwa na injini ya mvuke ya miaka ya 1960 ikipita mbele ya vioo vya bluu na matangi ya chuma kisichoshika kutu, mtu anayeijua nchi ataona kasoro kabla hata ya kuitazama treni. Kwa zama hizo jenga nyumba za ghorofa moja au mbili, paa la vigae, mbao mbele, kuta za chokaa. Maelezo yangu mengi hapa chini ni ya zama za dizeli, miaka ya 1995 hadi leo.

Michoro ya kufuatia

Hapa wengi wanahangaika na picha za watalii, ambazo zote zimepigwa barabarani kwa pembe. Njia rahisi ni kutafuta kwa Kivietinamu chenyewe. Wachora ramani za nyumba wa kule huweka mtandaoni michoro kamili yenye vipimo. Andika *bản vẽ nhà phố 4x15* au *bản vẽ nhà ống 3 tầng* na utapata uso wa nyumba, ramani ya kila ghorofa na mkato wa ubavu. *Mặt tiền* ni uso wa mbele, *mặt cắt* ni mkato. Kwa kituo kidogo tafuta *ga xép*, kwa kibanda cha mlinzi wa kivuko cha barabara na reli *gác chắn*. Picha za barabarani za ramani za Google zipo kwa miji yote mikubwa ya Vietnam, nazo ndizo zitakazokuonyesha kile ambacho mchora ramani hakukichora: mabati yaliyoongezwa, waya, mabango, ukungu.

Vipimo

Kwa 1:87, mita moja ni mm 11.5. Uso wa kiwanja cha kawaida ni mita 3 hadi 5. Chukua 4, yaani mm 46. Ghorofa ya chini, ambayo aghalabu ni duka, ina kimo cha takriban mita 3.9, sawa na mm 45. Za juu ni mita 3.3 hadi 3.5, weka mm 39 kila moja. Ukuta mfupi wa kuzunguka paa ni mm 11 au 12. Nyumba ya sakafu nne itasimama mm 173 hivi, na kile kichumba cha ngazi kinachotokeza juu ya paa kinaongeza mm 29. Roshani inatokeza mm 11 hadi 13. Mlango wa ndani ni mm 9 kwa 24, lakini mlango wa duka unachukua karibu uso mzima. Kwa kina, nyumba halisi inaenda mita 15 hadi 20 ndani, yaani mm 170 na zaidi. Mezani mm 70 zinatosha kwa safu ya mbele, na mm 30 kwa safu ya nyuma isiyoonekana ubavu.

Kosa linaloharibu safu nyingi ni kupanua uso ili madirisha yapate nafasi. Ukifika mm 60 kwa kila nyumba, tayari umejenga mtaa wa Ulaya. Acha ziwe nyembamba hadi uone kama zitaanguka. Vilevile usilinganishe sakafu za nyumba jirani. Kila mwenye nyumba alijenga kwa wakati wake na kwa mfuko wake, kwa hiyo roshani hazipangani na paa zinapanda na kushuka: moja sakafu mbili, inayofuata tano, inayofuata tatu, na katikati kiwanja kitupu chenye ukuta wa matofali na mgomba.

Boksi

Kwa nyumba 8 za kipimo hicho, shiti 5 za A3 zenye unene wa mm 2 zinatosha pamoja na makosa. Plastiki ya stairini ya mm 2 ndiyo bora lakini ni ghali na ni ngumu kukata. Bodi nyeupe ya PVC wanayotumia watengeneza mabango inafanya kazi nzuri, na vipande vinavyobaki karakana zao mara nyingi huvitupa. Ulizia Dar, Nairobi au popote ulipo. Unene wa mm 2 unalingana na ukuta wa sm 17, na kuta za kule ni sm 11 au 22, kwa hiyo kina cha madirisha kinakuja chenyewe bila kuongeza kitu.

Kadibodi ngumu nayo inafaa, ila ina tabia moja: ukipaka rangi upande mmoja tu inajikunja. Paka pande zote mbili siku hiyohiyo, au ipake kwanza vanishi nyembamba ndani na nje. Bodi yenye povu katikati iliyofunikwa karatasi iache kwa nyumba za nyuma tu. Gundi ya haraka na rangi ya kupuliza zinalila lile povu, na ukingo wa dirisha unabaki na mapango.

Kata madirisha kabla ya kukata umbo la nje, kipande kikiwa bado kikubwa na rahisi kushika. Choma pembe nne kwa ncha ya kisu kwanza, halafu kata kutoka pembeni kwenda katikati, mara nne au tano kwa mkono mwepesi. Anayelazimisha kukata kwa mkupuo mmoja anapata ukingo uliolala na pembe zilizopasuka. Ndani ya boksi weka sakafu kila ghorofa, kwa sababu mbili: zinashikilia boksi mraba, na ukiweka taa, mwanga wa ghorofa ya pili hauvuji hadi ya nne. Gundisha kwa kutumia kipande chenye pembe ya nyuzi 90 ubavuni. Boksi jembamba lililopinda mm 1 chini litakuwa limepinda vya kutosha juu kuacha mwanya mbaya kati yake na jirani. Gundi ya kuyeyusha inashika stairini kwa stairini tu; kati ya stairini na PVC tumia gundi ya haraka.

Kama kuna karakana ya kukata kwa leza karibu nawe, chora uso wa nyumba kwenye programu yoyote ya mistari na uwape ubao wa MDF wa mm 2. Kumbuka mwale unakula mm 0.1 hadi 0.2, kwa hiyo dirisha linatoka kubwa kuliko ulivyochora na kipande kinachochomekwa kinatoka kidogo. Usiwape PVC kwa leza: ikiungua inatoa gesi ya hidrojeni kloridi inayodhuru mapafu na kula mashine, na fundi anayejua kazi yake ataikataa.

Uso wa nyumba

Hapa ndipo pa kutulia. Gawanya uso kwa tabaka. Tabaka la kwanza ni ukuta wenyewe. Juu yake bandika stairini ya mm 0.5 kwa nguzo bapa za pembeni na mikanda ya kila ghorofa; mtindo wa Kifaransa wa kuigiza unapendwa sana kule. Halafu roshani: kipande cha mm 1.5 chenye upana wote wa nyumba, ukingo wake ukiwa umekatwa mviringo kwa baadhi ya nyumba. Vinguzo vya saruji vya roshani, vile vilivyotoka tumbo, vina kimo cha mm 7 hadi 8. Kuvichonga kwa mkono ni adhabu, chapisha kwa printa ya 3D ya resini, vipande 12 vikiwa vimeungana na ukingo wa juu na wa chini kama utepe. Nyumba mpya zina vyuma vya kung'aa, na hivyo ni waya wa shaba wa mm 0.4 uliopuliziwa fedha.

Grili za kufunika roshani nzima, zile zinazogeuza roshani kuwa tundu, ni alama kubwa ya nyumba za miaka ya 1990 na za magorofa ya zamani ya serikali. Nondo halisi zikiwekwa kwenye skeli zinakuwa nyembamba karibu kama unywele mnene, takriban mm 0.15, na nafasi kati yao ni mm 1.3. Usijaribu kuzisuka. Chukua plastiki angavu ya faili, ikwaruze mistari kwa sindano na rula ya chuma, ipake rangi ya kijivu iliyoyeyushwa, kisha ifute haraka kwa kitambaa. Rangi inabaki ndani ya mikwaruzo. Kunja kipande hicho kuwa boksi la pande tatu, gundisha mbele ya roshani, na ndani yake weka nguo zilizoanikwa na sufuria za maua. Ukiwa na bajeti, grili za chuma zilizochongwa kwa asidi zinazouzwa kwa madirisha ya Kijapani zinaingia vizuri.

Mlango wa duka una namna mbili. Shata la kupanda juu ni kipande cha plastiki yenye mistari ya mm 0.75 au mm 1, kilichopakwa bluu, kijani au kijivu. Geti la kukunja la kusukuma pembeni ni karatasi iliyokunjwa kama feni, mikunjo ya mm 1, wazi nusu. Acha angalau nyumba moja kati ya tatu ikiwa wazi kabisa, maana sebule ya kule ndiyo duka, ndiyo karakana na ndiyo maegesho ya pikipiki usiku. Ndani weka sakafu ya vigae iliyochapishwa. Vigae vya saruji vya maua ni vya sm 20 kwa 20, kwa hiyo mm 2.3 kila kimoja. Pikipiki ni mm 22 kwa urefu, na mbili mbele ya kila duka si nyingi. Vigoda vya plastiki vyekundu na vya bluu vya wauza supu vina kimo cha mm 3 hadi 5: kata mrija mwembamba na ufunike juu.

Kuta za ubavuni ziache bila rangi. Hili linawashinda wengi kwa sababu mkono unataka kupendezesha. Uso una rangi ya ndizi au ya waridi, lakini ubavu ni plasta ya kijivu au matofali matupu yenye mikanda ya zege, bila dirisha, kwa kuwa jirani anatarajiwa kujenga kwa kugusana. Baadhi wanafunika ubavu kwa mabati kuzuia maji ya mvua. Chini, kwenye kimo cha mtu, chapa kwa stensili ndogo maneno KHOAN CẮT BÊ TÔNG na namba ya simu ya kubuni. Ni tangazo la mafundi wa kutoboa na kukata zege, limejaa kwenye kuta za miji ya Vietnam, na aliyewahi kufika huko atacheka.

Paa

Meza ya reli tunaitazama kutoka juu, kwa hiyo paa ndilo linaloonekana kwanza kuliko hata uso. Mambo manne yanatosha kwa kila nyumba.

Tangi la maji la chuma kisichoshika kutu, la lita 1,000, ni la kulala au la kusimama. Kwa 1:87 ni kipenyo cha takriban mm 11 na urefu wa mm 16. Chukua bomba au kijiti cha kipimo hicho, kizungushie utepe wa alumini wa kuzibia mabomba, na ukwaruze mikanda mitatu kwa kijiti cha meno. Rangi ya fedha ya kupaka haing'ai vya kutosha, tumia utepe. Kisimamo ni fremu ya waya yenye kimo cha mm 10 hadi 20.

Mabati juu ya fremu, yanayofunika nusu ya paa au paa lote, ndiko wanakoanika nguo na kuweka maua. Bati la kule la mikunjo midogo lina nafasi ya sm 12.5 kati ya mgongo na mgongo, yaani mm 1.4. Kampuni ya Evergreen ina shiti za plastiki za mfano wa bati za mm 1.5, hizo zinakaribia sana. Kujifanyia mwenyewe: panga waya za mm 0.7 ubavu kwa ubavu ukiacha nafasi ileile kati yao, zigundishe kwenye ubao, kisha lalisha karatasi nene ya alumini na uisugue kwa kalamu isiyo na wino. Kata vipande vya upana wa mm 12 na uviweke kimoja kikilalia kingine kidogo. Bati moja pana lisilo na maungio linaonekana la bandia. Nguzo ni waya wa mm 0.5, mteremko nyuzi 10 hadi 15, rangi ya kijani, bluu au nyekundu iliyofifia.

Cha tatu ni kichumba cha ngazi, chenye mlango wa bati; kiweke nyuma. Cha nne ni kikanza maji cha jua: kipande chenye mistari myeusi kilichoinama, na juu yake kijibomba cha kipenyo cha mm 5. Weka kwa nyumba moja kati ya nne au tano.

Paa za vigae zinahitaji uangalifu kidogo. Kigae cha Kifaransa cha kufungamana, kinachofunika paa za vituo na majengo ya kikoloni, kule kinahesabiwa 22 kwa mita ya mraba. Shiti za Kijerumani za 1:87 zimeiga kigae kikubwa zaidi, lakini kwa jicho zinakubalika. Kwa vigae vidogo bapa vya nyumba kongwe za Hanoi, shiti za Kijerumani za kigae bapa chenye mkia wa mviringo ndizo zilizo karibu. Auhagen na Vollmer wanazo. Vigae vya mifereji vya Hội An vizuri sana, ila Hội An leo haina reli, kituo kikubwa cha karibu ni Đà Nẵng. Usiweke taa za hariri pembeni ya njia kuu.

Vya kununua vinavyofaa

Tomytec wa Japani wana mfululizo wa majengo wa 1:150, nao unafaa mandhari ya 1:150 moja kwa moja kwa magorofa madogo yenye duka chini, ukiondoa paa na maandishi. Ukiwa na 1:87, majengo hayohayo yaweke safu ya nyuma kabisa ili mtaa uonekane mrefu, lakini ficha sakafu ya chini: mlango wa 1:150 ukionekana pamoja na mtu wa 1:87 mchezo umekwisha. Seti za Ulaya usizinunue nzima, nunua mifuko ya madirisha, milango na vyuma vya roshani. Madirisha ya mbao ya vipande viwili yenye vibao vya kupitisha upepo ni rahisi: plastiki yenye mistari ya mm 0.75, fremu ya mm 0.5 kwa mm 1, rangi ya kijani cha chupa. Viyoyozi vya nje vinauzwa na karibu kila mtengenezaji wa 1:87. Utahitaji vingi, kama viwili kwa kila nyumba. Migomba ya karatasi iliyokatwa kwa leza inapatikana, minazi vilevile, ila ukiwa na mandhari ya kaskazini punguza minazi.

Rangi na uchafu

Njano ya majengo ya Kifaransa: sehemu 4 za njano ya udongo, 2 za nyeupe, na tone la kahawia nyekundu. Ipake bila kulainisha, tabaka mbili zisizofanana, maana chokaa haishiki sawasawa. Unyevu wa kule unaotesha ukungu mweusi, na ukungu una mpangilio: unaanza juu ya ukuta mfupi wa paa, juu ya kila ukingo unaotokeza, kisha unateremka kwa michirizi. Yeyusha nyeusi na kahawia kwa maji, 1 kwa 10, weka mstari kwenye ukingo wa juu, na kwa brashi bapa iliyokaushwa vuta chini moja kwa moja. Brashi isiende upande. Chini ya kiyoyozi weka mchirizi mmoja tu wa kutu. Nyumba iliyopakwa rangi mwaka huu iache safi. Moja katika safu ya nane inatosha kuzifanya nyingine zionekane zimekaa.

Mabango na waya

Chapisha mabango kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi kwenye karatasi isiyong'aa, na pitisha kalamu ya rangi kwenye kingo nyeupe baada ya kukata. Tumia fonti yenye herufi zote za Kivietinamu. Fonti isiyo nazo itakuchanganyia: neno *Phở* litatoka na ile *ở* ikiwa ya umbo jingine, na kosa hilo linaonekana kwa mbali kuliko unavyodhani. Maneno ya uhakika: *Tạp hóa* kwa duka la rejareja, *Sửa xe máy* kwa fundi pikipiki, *Cơm bình dân* kwa mgahawa wa wali, *Nhà nghỉ* kwa gesti, *Cắt tóc* kwa kinyozi wa kaskazini na *Hớt tóc* wa kusini. Sheria ya matangazo ya mwaka 2012 iliruhusu bango la mlalo lisilozidi mita 2 kwa kimo na upana wa nyumba, na la wima lisilozidi mita 1 kwa 4 wala kimo cha ghorofa lilipo, kwa hiyo mm 23 kwa 46, na mm 11 kwa 39 kwenye ghorofa za juu. Namba za simu nazo zina zama: msimbo wa Hanoi ulikuwa 04 hadi mwaka 2017, sasa ni 024, Jiji la Hồ Chí Minh lilikuwa 08, sasa 028. Namba za mkononi za tarakimu 11 zilifutwa mwaka 2018, zote sasa ni 10.

Nguzo za umeme za mviringo ni kijiti cha mshikaki cha mm 3, kilichosuguliwa kwa msasa hadi mm 2 juu, kimo cha mm 75 hadi 80 kutoka ardhini, rangi ya zege. Zile za zamani zenye umbo la H na matundu ya mstatili chapisha kwa 3D. Juu yake weka vijisanduku vya mita vinne hadi sita, halafu fungu la waya. Uzi wa lastiki mwembamba wa mafundi cherehani ndio bora kwani ukiguswa haukatiki; uzi wa pamba una manyoya, upitishe kwenye nta ya nyuki kwanza. Nyuzi 15 kwa fungu, zikiwa na mlegezo usiofanana, na viringi viwili vilivyoning'inia kwenye nguzo.

Umbali kutoka njiani

Kila mtu anataka ile mitaa ya Hanoi ambapo treni inapita kwenye vizingiti vya watu. Fanya, lakini kwa hesabu. Behewa la mita 20 ni mm 230, upana wa mita 2.9 ni mm 33. Kwenye njia iliyonyooka, uso wa nyumba ukae mm 20 kutoka katikati ya njia. Kwenye kona, zidisha umbali kati ya katikati za bogi (zile fremu mbili za magurudumu chini ya behewa) kwa wenyewe, gawa kwa mara nane ya rediasi ya kona: bogi zikiwa mm 161 na kona mm 500, tumbo la behewa linaingia ndani mm 6.5, na pembe za mwisho zinatoka nje karibu kiasi hichohicho. Kwa hiyo kwenye kona hiyo mm 27 ndiyo salama, na roshani ndiyo ipimwe, si ukuta. Pitisha behewa refu kuliko yote ukiwa na kadi iliyobandikwa ubavuni kabla ya kugundisha nyumba hata moja.

Kwa kituo, usianze na Đà Lạt, kile cha paa tatu zilizochongoka kilichokamilika mwaka 1938. Urefu wake ni mita 66 hivi, yaani mm 760. Kituo cha Hanoi cha mwaka 1902 kina mabawa ya Kifaransa pande zote na katikati ya zege iliyojengwa upya baada ya bomu la 1972, kwa hiyo bawa moja tu likiwa ukingoni mwa meza linatambulika. Nafuu zaidi ni matao ya mtaa wa Phùng Hưng, Hanoi, yanayobeba njia kuelekea daraja la Long Biên: yote ni 131, mengi yamezibwa kwa mawe, na kumi yaliyorudiwa yanakupa mandhari nzima na nafasi ya maduka chini. Kivuko cha barabara kinataka kibanda cha mm 35 kwa 35 na geti la kusukuma lenye magurudumu, mistari myekundu na myeupe, kimo cha mm 12, likitembea kwenye kireli chake, pamoja na kibao *Chú ý tàu hỏa*.

Nyumba zigundishe nne nne kwenye ubao wa mm 3, na ubao huo uushike mezani kwa skrubu mbili kutoka chini. Safu iliyokaa mm 20 kutoka katikati ya njia itabidi iondolewe kila unaposafisha njia, kwa hiyo waya kati ya fungu moja la nyumba na jingine ziishie kwenye ndoano pande zote mbili, na za taa ziwe na plagi.